Tabaka la Pili

"Dada, ongeza giza hapo nyuma," dereva wa teksi alisema akichungulia mlangoni. "Nataka nikisinzia abiria wapite wasinione."

"Giza likizidi, trafiki watakuamsha wao."

Mwanamke aliyejikunja kwenye kiti cha nyuma hakugeuka. Alikuwa amenyunyizia kioo maji ya sabuni na kulaza utando wa tinti juu yake, na sasa aliusukuma kwa kibao cha mpira, kutoka katikati kwenda pembeni, akiyakamua maji kwa nguvu za bega zima. Kazi hii haitaki huruma. Ukiubembeleza utando, kesho mapovu yametokeza kama vipele, na mwenye gari amerudi na domo lake.

"Mpishi," sauti nyingine iliita.

Pale gereji hakuna aliyelijua jina hilo. Lilikuwa la maabara, la miaka ile alipokuwa akikoroga dawa, akizimimina juu ya vipande vidogo vya kioo na kuzikausha kwenye jiko la umeme mpaka ziwe matabaka membamba kupita ngozi ya kitunguu. Akatoka kinyumenyume, akajifuta mikono kwenye ovaroli. Mbele yake alisimama Mpimaji, mtu wa leza, kofia mkononi.

"Kaka, kuna msiba?"

"Hapana. Ni ule utando wako wa matabaka mawili. Ulikuwa unafanya kazi."

Dereva wa teksi aliwatazama kwa zamu, akaona si mahali pake, akaenda kutafuta soda.

Enzi zile Mpishi alisema kwamba mwanga ukiligonga tabaka la kwanza, chaji ya umeme inaruka upesi kuingia la pili, na kwamba siku moja paneli za sola zingetengenezwa hivyo. Mpimaji akaujaribu kwa mapigo mawili ya leza: la kwanza la kuuamsha utando, la pili la kuja nyuma yake, kwa upesi usiosemeka, na kupiga picha ya kilichotokea. Akapata mstari mnyoofu tu kwenye skrini. Akatangaza mbele ya wote kwamba hakuna kinachoruka. Mkuu wa maabara akafunga mradi, na Mpishi akafunga virago.

"Nilikuwa nimeweka kioo cha kuchujia kwenye njia ya pigo la pili," Mpimaji alisema. "Kioo kinachelewesha mwanga. Ilitakiwa nianze upya kutafuta wakati wa mwanzo, pale mapigo yote mawili yanapofika pamoja. Sikutafuta. Nimekigundua juzi, nilipokuwa naipanga upya meza."

"Kwa hiyo?"

"Nilikuwa nafika uwanjani mechi imeisha, halafu nasema timu hazikucheza."

Mpishi angecheka, kama si kumkumbuka baba yake. Mzee yule alikuwa akimtangaza kila kibanda cha kahawa: binti yangu anakamata jua. Siku aliporudi na sanduku lake alimwambia, "Nilikosea, baba," na mzee akaitikia tu, "Sawa, mama." Tangu hapo hakumtaja tena kwa watu, na mwaka uliofuata walimzika. Jambo hilo lilimuuma kuliko kazi yenyewe, na lilimuuma upya sasa, pale pale kando ya teksi.

"Umeupima tena?"

"Kona moja tu ya utando wako wa zamani ndiyo ilikuwa bado hai. Niliona chaji inaruka, kisha leza ikaiunguza. Bila utando mwingine hakuna atakayeniamini. Vijana wa maabara wamejaribu, tabaka la pili linaliyeyusha la kwanza. Na dawa ya tabaka la pili imebaki ya mara moja."

Jumapili Mpishi alikwenda maabara. Alijiambia anakwenda kuangalia tu, lakini alikuwa amekata kucha.

Mikono ilikumbuka. Alilimimina tabaka la kwanza, akalikausha. La pili alilitengeneza kwenye kioo kingine, kisha akakizamisha polepole kwenye beseni, kimeinama, mpaka utando ukabanduka na kuelea juu ya maji bila mkunjo hata mmoja. Mpishi akaingiza kioo chenye tabaka la kwanza chini yake, akakiinua kwa mshazari, na la pili likaja nacho, limelala juu ya la kwanza kama shuka.

Kilichobaki ni kungoja maji yajitokee yenyewe. Katikati palikuwa na povu dogo. Kabla hajafikiri, kidole gumba chake kililisukuma kuelekea pembeni, kwa nguvu za gereji.

Utando ukachanika, ukajikunja, ukatelezea kwenye beseni.

"Mungu wangu," alisema. "Mkono wangu. Ni mkono wangu huu."

"Basi, Mpishi. Basi."

Hakulia. Alikitazama kioo, akaona kipande kimoja kimebaki kimeng'ang'ania. Akavuta droo, akatoa taa ndogo ya zambarau, akazima ya juu. Tabaka la kwanza likang'aa kijani kioo kizima, isipokuwa pale kipande kilipokaa. Pale palikuwa peusi. Chaji iliyotakiwa kung'aa ilikuwa imeshahamia tabaka la pili.

Mpimaji aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Siku zile nazo lilionekana hili?"

"Kila nilipomaliza kutengeneza mmoja."

"Na hukusema?"

"Mashine yako ilisema hakuna kitu. Nikaona macho yangu ndiyo mabaya." Akaitazama taa mkononi. "Hata baba sikumwonyesha. Taa hii inaingia mfukoni, kaka. Ningempelekea nyumbani."

Mpimaji alinyoosha mkono kuwasha taa ya juu, kisha akaurudisha mfukoni. Wakabaki wameinamia kioo, nyuso zao kijani, na kati yao lile doa jeusi, dogo kama ukucha wa mtoto.