Rangi Iliyobanduka

Orpha Tveit alimshusha mtoto wa mwisho saa kumi na robo, akaliegesha basi la shule nyuma ya ghala la ngano, akabaki kwenye kiti cha dereva na injini inaunguruma. Hakuwa na jambo la kufikiria. Alitaka tu kukaa mahali ambapo hakuna anayemwita. Alikuwa ameamka tangu saa kumi alfajiri, kama kila siku, kumgeuza mumewe, kumwogesha, kumvalisha, kisha kukimbilia basi.

Alipofika nyumbani alimkuta Leland gerejini, ameshaketi kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya meza ya kazi.

"Umechelewa," Leland alisema. "Gaylen anakuja saa kumi na moja na nusu."

"Na mimi nafurahi kukuona, mzee."

Kwa miaka thelathini Leland ndiye aliyewatengenezea wazee wa klabu ya shabaha risasi zao. Alikuwa akiyeyusha madini kuukuu ya risasi, akiyamimina kwenye kalibu kupata vichwa vya risasi, kisha akivivisha vile vichwa koti la unga wa rangi na kuvioka mpaka rangi ishike ngumu, ili mtutu usichafuke. Wenzake walimsifu kwa hilo kuliko alivyosifiwa kwa jambo lolote lingine maishani. Mwezi wa tano kiharusi kikamwangusha kwenye ngazi za ukumbini, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia haukushika kitu. Kazi ya kuyeyusha na kumimina aliichukua Gaylen, mdogo wake. Ya rangi ikamwangukia Orpha. Leland akabaki na kutoa amri.

Orpha alivaa glavu, akamimina vichwa mia mbili kwenye kopo la plastiki, akaongeza kijiko cha unga mwekundu, akafunga kifuniko, akaanza kutikisa. Mabega yalimuuma.

"Tikisa kwa duara. Unatikisa kama unapepeta mahindi."

"Natikisa, Leland."

"Kwa duara, nimesema."

Akatikisa kwa duara. Akavitoa kimoja kimoja kwa koleo, akavisimamisha kwenye trei visigusane. Vilivyoanguka alivisimamisha tena. Trei ikaingia kwenye ile oveni ndogo ya mezani ambayo hajawahi kuipikia hata kipande cha mkate.

"Mia tatu," Leland alisema. "Dakika kumi."

Hapo ndipo ilipokuwa siri ya Orpha. Moto wa rangi ile ni nyuzi mia nne za Farenhaiti, na dakika ni ishirini. Kikopo cha unga kimeandikwa hivyo, na Leland mwenyewe alikuwa akisema hivyo kwa miaka na miaka. Lakini tangu atoke hospitali namba zilikuwa zimehama kichwani mwake, na yeye hajui. Mara ya kwanza, mwezi wa sita, Orpha alimsahihisha. Leland alimrushia kikombe. Tangu hapo alijifunza kujibu "haya", kusimama mbele ya oveni ili mgongo wake uzibe kitufe, na kukizungusha mpaka mia nne. Dakika zilipotimia alizua shughuli: mara anasugua koleo, mara anatafuta trei nyingine, mpaka ishirini zitimie.

Siku hiyo aliinua mkono kuzungusha kitufe, akauacha palepale kwenye mia tatu. Hakukusudia kumkomoa. Alikuwa amechoka tu kusimama akimficha oveni.

Dakika kumi zilipokwisha akatoa trei. Vichwa viling'aa vizuri. Vilikuwa havijapoa sawasawa Gaylen alipoingia, kofia mkononi, na bakuli la viazi na nyama ya kusaga alilotumwa na mkewe.

"Shemeji, unaonekana kama umelimia trekta lisilo na usukani."

"Weka chakula hapo, Gaylen."

"Jaribu kimoja," Leland alimwambia mdogo wake kwa fahari.

Gaylen alichukua kichwa kimoja, akakiweka juu ya fuawe, akakigonga nyundo mara moja. Kikalala bapa kama kitumbua, na rangi yote ikabanduka kama ganda la yai. Akagonga cha pili. Hali ileile.

"Kulikoni hapa? Shemeji, leo umetuvurugia."

"Si yeye," Leland alidakia, akimtetea. "Amefanya kama nilivyomwambia. Mia tatu, dakika kumi, kama siku zote."

Gaylen alicheka. "Mia tatu? Kaka, we ndiye ulinifundisha mia nne. Ulinizaba kofi siku niliyoweka mia tatu na hamsini!"

Halafu akaona uso wa kaka yake, akaiweka nyundo chini.

Leland alitazama oveni, akatazama kikopo cha unga, akakisogeza kwa mkono wa kushoto mpaka maandishi yakamwelekea. Alisoma kwa muda mrefu.

"Zile risasi za kiangazi," alisema mwishowe. "Zile zote. Zilishika."

"Zilishika," Orpha alisema.

"Uliweka mia nne."

"Niliweka mia nne."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukanirushia kikombe."

Gaylen alijifanya anatafuta kitu kwenye gari, akatoka.

"Na kingine nini?" Leland aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Kingine nini ninakosea, Orpha?"

Angeweza kumdanganya. Hakuwa na nguvu. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake. "Vidonge vya asubuhi unataka kumeza mara mbili. Mbwa unamwita kwa jina la yule aliyekufa. Simu ya dada yako huwa napiga mimi, we unabonyeza namba za nyumba ya zamani."

Leland alilia bila kujificha, na Orpha hakuinuka kumfuta. Alikaa tu juu ya ndoo, mikono ikiwa bado kwenye glavu, akisikiliza.

"Zirudishe motoni," Leland alisema baadaye. "Mia nne. Nikisema vingine, niambie."

"Utagomba."

"Nitagomba. We niambie tu."

Akazirudisha. Gaylen aliitwa, akagonga kimoja. Kikalala bapa, rangi haikubanduka. Alizipakia kwenye boksi, na kesho yake, Jumamosi asubuhi, akaja kumchukua kaka yake kwenda naye uwanja wa shabaha. Orpha alilala mpaka saa saba mchana na viatu miguuni.

Ijumaa iliyofuata Leland alisema tena mia tatu. Orpha akamwambia, "Mia nne, mzee." Leland akagomba robo saa nzima, akayataja hata mambo ya harusi yao. Orpha akazungusha kitufe mbele ya macho yake, akaendelea kupanga trei ya pili.