Nilikuimbia Wewe

Saa nane kasoro dakika chache, Alhamisi moja ya Aprili, mawingu yakiwa yamejazana juu ya mlima Menengai, simu ililia kando ya mashine yangu ya kufuma sweta. Nikajifuta mikono, nikasoma. Alikuwa Dada Becky. Kwa wiki tatu alikuwa ameniandikia kila siku, nami nilikuwa nimemzoea kama mtu anavyomzoea jirani wa ukuta mmoja.

"Naona mvua inakuja huko kwenu," aliandika. "Mtoto bado anaogopa radi?"

Nikatabasamu, nikaanza kumjibu. Nilikuwa nimefika neno la tatu vidole viliposimama. Nilikuwa nimemwambia Becky mengi katika wiki hizo, lakini sikuwa nimemwambia kwamba nyumbani kwangu kulikuwa na mtoto.

Na mtoto alikuwapo. Alikuwa chini ya meza, miguuni pangu, akipanga vifungo kwa rangi: vyekundu huku, vya samawati kule. Jina lake Cheptanui. Alikuwa na miaka mitano, na kila radi ilipopiga alikuwa akijificha kabatini.

Mchungaji Kahiga alikuwa amewaleta kwangu mwezi wa pili, yeye na mama yake, Chelangat. Walitoka juu huko Kuresoi na mfuko mmoja wa nguo. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto wa Chelangat kilikuwa kimevunjwa kikaunga vibaya, kikabaki kimepinda kama ndoano. Mumewe, Weldon, alikuwa dereva wa lori. Siku hizo alibeba udongo mweupe wa machimbo ya Kariandusi, kando ya barabara ya Gilgil. Alikuwa ameshtakiwa kwa kumpiga, akaitwa mahakamani, hakufika. Mchungaji alisema anahitaji nyumba ya mtu asiyeshukiwa, mjane mwenye chumba cha ziada na lango linalofungwa. Akaniangalia, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba anahitaji pia mtu anayeweza kunyamaza.

Nikasema mimi naweza. Na niliamini ninachosema.

Lazima niseme nilivyokuwa wakati huo. Njuguna wangu alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Natalie, mtoto wetu wa pekee, alikuwa Naivasha, msimamizi katika shamba la maua, na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Nyumba yangu ya mtaa wa Section 58 ilikuwa imenyamaza hadi nikawa nasikia maji yakipita kwenye mabomba. Hapo ndipo nilipofungua ukurasa wangu wa maombi. Kila asubuhi nilisoma andiko, nikaeleza Bwana alivyonitendea, nikaomba. Watu waliandika amina. Mwanzoni kumi, kisha mia, kisha maelfu. Nilikuwa nikiamka nikishika simu kabla sijashika Biblia. Nilisimulia ugonjwa wa Njuguna, presha yangu, uchumba wa Natalie uliovunjika, ambao Natalie mwenyewe alilia kuusoma. Niliita yote ushuhuda. Mtu akiniambia nimezidisha, nilimjibu kwamba taa haiwashwi ikafunikwa na kapu.

Kuhusu Chelangat nilinyamaza wiki sita. Ilikuwa kama kushika kaa la moto mdomoni.

Nilimfundisha kufuma. Alijifunza haraka, ingawa kile kidole kilimsumbua. Hakuwa mtu wa maneno; aliniita Mama Natalie, aliniuliza nimelalaje, basi. Halafu asubuhi moja mwezi wa tatu, nikiwa jikoni nachuja chai, nikamsikia akiimba. Ulikuwa wimbo wa kanisani, kwa Kikalenjin. Huko kwao alikuwa ndiye anayeanzisha nyimbo za kwaya, na tangu avunjwe kidole hakuwa ameimba hata mstari. Sauti ilipanda ikatulia, ikapanda tena, na mashine ikimfuatisha kwa kwenda na kurudi. Nilisimama mlangoni nikilia. Na huku nalia, nikatoa simu.

Nilirekodi mikono tu. Nilijiambia mikono haina jina. Nikaiweka video kwenye ukurasa wangu, nikaandika chini yake: "Bwana amemrudishia binti huyu wimbo wake." Sikumwomba ruhusa. Nilijiambia nitamwonyesha jioni, akishaona jinsi watu walivyobarikiwa. Jioni ilipofika watu elfu arobaini walikuwa wameitazama, nami nikaogopa kumwonyesha.

Siku iliyofuata Becky aliniandikia inboksi. Picha yake ilikuwa ua jeupe. Alisema ule wimbo umemtoa kwenye shimo. Aliniomba nimwombee ndoa yake, nikamwombea. Alinisifu. Aliuliza kidogo kidogo, kama mtu anayechuma majani ya chai: naishi mtaa gani, lango letu rangi gani ili siku akipita asipotee, siku gani huwa nyumbani. Kila ujumbe aliufunga kwa maneno yaleyale, Bwana akubariki mara mia.

Sasa nilikaa na simu mkononi, nikapandisha mazungumzo yetu hadi mwanzo, nikayasoma kama barua ya mtu mwingine. Section 58. Lango jeusi, la pili kutoka kwenye kinyozi. Alhamisi tuko nyumbani siku nzima. Yote yalikuwa maneno yangu.

Ujumbe mwingine ukaingia. "Nimefika karibu, dada. Nitafutie kikombe cha chai."

Chelangat alikuwa chumbani akikunja sweta. Niliingia, nikafunga mlango nyuma yangu ili mtoto asisikie. Nikampa simu.

Alisoma amesimama. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akisoma polepole vile. Alipofika chini alipandisha juu kidogo, akabonyeza, na sauti yake mwenyewe ikatoka ikiimba. Akaizima.

"Huyu ni Weldon," akasema. "Hiyo mara mia ni yake. Hata akimaliza kunipiga alikuwa anasema hivyo."

Nikaanza kusema nisamehe. Hakunisikia, au hakuwa na nafasi ya kusikia. Aliuliza kama kuna njia nyingine ya kutoka.

Hakukuwa na njia, ila ukuta. Nyuma ya nyumba ua wangu ulipakana na wa Mwalimu Kiptum, mzee mstaafu, ambaye lango lake lilifungukia barabara ya upande wa pili. Nilimpigia nikamwambia kwa maneno manne. Hakuuliza la tano; alisema anawasha gari na kuleta ngazi. Nikampigia mchungaji, naye akasema anapiga simu polisi, nisifungue lango kwa vyovyote. Chelangat alikuwa tayari amemvalisha mtoto viatu. Mfuko hakuchukua.

Tulikuwa tumefika mlango wa jikoni lango lilipogongwa. Mara tatu, kwa adabu.

Chelangat aligeuka akaniangalia. Nimejaribu kulisahau lile jicho. Halikuwa na hasira. Ningependa lingekuwa nayo.

"Nilikuimbia wewe, Mama Natalie," akasema. "Sikuimbia watu."

Akambeba mtoto, akatoka.

Nilitembea kwenda langoni. Kuna hatua kumi na saba kutoka mlangoni kwangu hadi pale, na siku ile zilikuwa nyingi kuliko safari zangu zote. Nikafungua kidirisha kidogo cha lango. Mbele yangu alisimama mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mpole wa uso, shati limepigwa pasi, mkononi mfuko wenye viatu vipya vya mtoto. Buti zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi hadi kifundoni.

"Sasa, mathe," akanisalimu kama kijana na mama yake. "Becky ameshindwa kuja, amenituma mimi."

Nikamwambia simjui. Akacheka kidogo, bila ubaya, akatoa simu akanisomea maneno yangu. Alisoma vizuri, kama msomaji wa Neno madhabahuni. Kisha akasema, "Wewe mwenyewe ulinikaribisha. Mimi ni mtu wa Mungu kama wewe. Nataka tu familia yangu."

Nyuma yangu, mbali, nilisikia chuma kikigonga jiwe. Ngazi. Niliona macho yake yakihama kutoka usoni kwangu kwenda juu ya bega langu. Akaichezesha ile video, labda anionyeshe kwamba hawezi kudanganywa kuhusu sauti ya mke wake. Wimbo ukajaa pale langoni. Chelangat alikuwa akiimba mbele yangu kwenye simu, na Chelangat alikuwa akipanda ukuta nyuma yangu, nami katikati nikiwa nimeshika komeo kwa mikono miwili.

Wimbo ulipoisha nilijua kimya kitatusaliti. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia. Nikasema, "Ndugu, kabla hujaingia nyumba yangu, tuombe."

Hakuweza kukataa. Alikuwa amejiita mtu wa Mungu. Akainamisha kichwa.

Nimeomba mbele ya maelfu, nikiwa nimefumba macho na kuinua mkono ili uonekane vizuri kwenye kioo cha simu. Siku ile niliomba macho yakiwa wazi, nikiutazama utosi wa mtu. Niliombea madereva wote wa barabara ya Gilgil. Niliombea malori na breki zake, wachimbaji wa Kariandusi na mapafu yao, wakulima wa viazi, wajane, walimu wastaafu. Sikujua kama Mungu alilihesabu lile kuwa ombi. Ndani yangu palikuwa na neno moja tu, nenda, nenda, nenda.

Radi ikapiga juu yetu, kali, mabati yakatetemeka. Nikasimama katikati ya neno. Nilingoja kilio cha mtoto. Weldon naye aliinua kichwa. Alikuwa akingoja kilekile. Tulisikiliza pamoja, yeye na mimi, tukitazamana kwenye kidirisha kama watu wa nyumba moja.

Hakulia. Baadaye Mwalimu Kiptum aliniambia walikuwa juu kabisa ya ukuta, na mtoto alikuwa ameuma kola ya mama yake, akatetemeka kimya kimya mpaka wakashuka.

Kisha gari likanguruma upande wa pili, likaondoka.

"Amina," akasema Weldon. Uso ukambadilika polepole, kama maziwa yanayoganda. Aliweka mfuko wa viatu chini, akarudi nyuma hatua mbili, akalipiga lango kwa bega. Pigo la pili komeo likang'oka, lango likaniangusha, na nikasikia kifundo changu cha mkono kikilia kama kijiti kikavu. Alipita juu yangu. Nilimsikia akifungua kabati, akivuta mapazia, akiita jina la mtoto kwa sauti tamu. Alipotoka alikuwa ameshika sweta iliyofumwa nusu, uzi ukiburutika. Akasimama juu yangu mvua ikianza.

"Sema wako wapi. Unasemanga kila kitu, mathe. Sema na hiki."

Nilifunga mdomo. Nilikuwa nimelala chini na mkono uliovunjika, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nilikuwa na jambo la kusema na sikulisema.

Sijui angenifanya nini. Majirani walikuwa wameanza kutoka, kinyozi na wateja wake mbele, mmoja bado na sabuni shavuni. Aliitupa sweta akaenda zake kwa mwendo wa kawaida. Polisi walikutana naye kwenye kona akiwa anafungua mlango wa lori. Alifungwa miezi minane, kwa mkono wangu zaidi kuliko kwa kidole cha mkewe, na sasa ameshatoka.

Alama nyeupe za buti zake zilibaki kwenye zulia la sebuleni. Nilizisugua kwa mkono mmoja kwa siku tatu. Video niliifuta siku ileile, lakini ilikuwa imeshachukuliwa na wengine. Mwaka uliopita nilikuwa sokoni nachagua vitunguu nikamsikia Chelangat akiimba kutoka kwenye simu ya mwuzaji, chini yake jina la mtu nisiyemjua. Niliweka vitunguu chini, nikangoja hadi wimbo ulipoisha. Ukurasa pia niliufunga. Akina mama wa ushirika waliniomba mara mbili nisimame Jumapili nieleze Mungu alivyotuokoa. Niliwaambia ushuhuda huo una mwenyewe.

Mungu nimemwomba msamaha na naamini amenipa. Lakini bado kuna siku naamka kabla ya jogoo, mkono ukitafuta simu kando ya mto, kana kwamba kuna mtu nimemwahidi jibu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Mchungaji Kahiga alinivuta kando karibu na matangi ya maji. Alitazama huku na huku. Miaka miwili hakuwa ameyataja majina yao mbele yangu, nami sikuwa nimemwuliza.

"Wako salama," akasema. "Amesema wewe uambiwe hivyo. Hivyo tu."

Swali lilinipanda hadi kwenye meno. Wapi, na nani, mtoto yuko darasa la ngapi, je, anaimba. Nilimwona mchungaji akilisubiri, na nikaona alivyokuwa akiogopa kulisikia. Nikamshukuru. Nikamwuliza mke wake anaendeleaje na goti.

Alasiri Natalie alipiga simu kutoka Naivasha, kama kawaida yake, akauliza habari za kanisani. Nikamwambia mahubiri yalikuwa mazuri, na kwamba mvua bado haijafika.