Mipira Iliyovimba

Yunis alikuwa nyuma ya nyumba yake kijijini Mugeta, akichambua pamba, fungu safi huku na fungu chafu kule, mpira wa kwanza ulipotua juu ya bati la jiko. Ulibingirika, ukadondokea miguuni pake. Ulikuwa mweupe, umeshonwa kwa uzi mwekundu, na ulikuwa na joto. Aliunusa. Ulinuka jasho la mwanawe.

"Clementi kaanza kazi," alimwambia jirani yake, Skolastika, aliyekuwa ng'ambo ya ua wa minyaa.

"Afadhali," alisema Skolastika, akaanza kuingiza kuku wake ndani.

Clementi alijifunza besiboli sekondari, Bunda. Mwalimu wa michezo, Gibson, alimwona akifukuza ngedere kwa mawe kwenye shamba la shule, akampa mpira. Baadaye Gibson alihamia Mwisenge, Musoma, akawa wakala wa wachezaji, na ndiye aliyempeleka Japani kwenye timu ya kulipwa. Kazi ya Clementi ilikuwa moja: kusimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mtu mwenye gongo, kwa kasi ambayo mtu huyo asingeweza kuupiga. Jioni ya kule ni mchana wa Mugeta. Kila mpira aliourusha kule ulianguka kwa mama yake.

Msimu wa kwanza mipira ilishuka kwa nguvu hata ikatoboa bati. Wapita njia walijifunika mabeseni kichwani na kuuliza kama Clementi anashinda. Katekista alihamishia sala za jumuiya asubuhi.

Msimu wa pili ilianza kushuka taratibu, tena imevimba. Yunis alibonyeza mmoja karibu na mshono, ukatetemeka. Akampigia mwanawe simu.

"Niko salama, mama. Ni uchovu tu."

Mara akasikia simu ya Clementi ikigonga sakafu, kisha ikiokotwa.

"Uliishika kwa mkono gani?" Yunis aliuliza.

"Wa kulia."

Yunis aliufunga mpira ule kwenye kanga, akapanda gari la Musoma. Gibson alimkaribisha sebuleni, akaupapasa kwa vidole viwili.

"Kiwiko," alisema.

"Basi waambie wampumzishe."

"Nimewaambia, mama. Wanasema wanamchomaga sindano kabla ya mechi, anarusha vizuri tu. Mkataba uko kwao."

"Si wewe ulimpeleka?"

"Kumpeleka niliweza," alisema Gibson. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimsindikiza hadi stendi, akambebea mpira njia nzima kama anayebeba kichanga.

Aliporudi nyumbani, Yunis alichemsha maji, akatia chumvi, akachovya kitambaa na kuukanda ule mpira kama alivyokuwa akimkanda Clementi utotoni alipoteguka. Akaikanda na mingine. Uvimbe ukapungua. Kesho yake Clementi alipiga simu mwenyewe, anacheka. Mkono umekuwa mwepesi, alisema, wala hajui kwa nini.

Timu nayo iliona. Ikamwongezea mechi.

Mipira ikazidi. Yunis alikanda mpaka viganja vikachubuka, na pamba ikachelewa shambani. Siku moja alijaribu kuacha. Clementi alipiga simu akashindwa kuongea, anahema tu, na Yunis akarudisha sufuria motoni huku simu iko sikioni. Alijua anachofanya. Alichokiponya yeye leo, wao wangekitumia kesho.

Msimu ulipokaribia kwisha, mpira mmoja ulishuka polepole kama unyoya, ukagusa ardhi, ukapasuka. Ndani hamkuwa na kitu. Baada ya huo haukuja mwingine.

Timu ilimwacha Clementi. Gibson alimpokea, akamfikisha Mugeta mwenyewe. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu. Mama yake alimmegea ugali akamlisha, na yeye, mtu mzima mwenye ndevu, alitafuna akiwa ameuelekeza uso ukutani.

"Lakini nilirusha vizuri," alisema.

"Ulirusha vizuri. Mimi niliiona yote."

Pamba ya mwaka uliofuata ilipochanua, alifika mwanamke kutoka Butiama, jina lake Helena, ameshika furushi la kanga. Mwanawe Ryoba alikuwa amechukuliwa na timu ile ile. Gibson alikwisha kuacha kazi hiyo. Timu ilijipatia wakala mwingine.

Helena alifungua kanga. Ndani mlikuwa na mpira, umevimba karibu na mshono.

"Nimesikia unajuaga kukanda, dada."

"Najua," alisema Yunis. "Ukimkanda atapata nafuu. Wakiona ana nafuu watamrushisha zaidi. Wangu walimmaliza hivyo hivyo."

Helena alimtazama Clementi, aliyekuwa akihangaika kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto.

"Na nisipomkanda?"

"Ataumwa."

Helena aliufunika mpira kwa kanga, akakaa nao mapajani, kisha akaufunua tena.

"Chumvi unatiaga kiasi gani?" aliuliza.

Yunis akainuka kwenda kubandika maji.