Vigingi Vyeupe vya Kanyangi

Kufuli lilipolia upande wa nje, Musembi hakuinua kichwa. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi, mbele yake meza, na juu ya meza madaftari mawili: moja kuukuu lenye alama za jasho na vumbi jekundu, na jingine jipya, kurasa zake bado zimeshikamana. Alisikia Landrova ikiwaka na kushika njia ya Kitui. Baada ya hapo hakusikia kitu ila mabati ya stoo yakialika kwa jua la saa tatu.

Kazi aliyoachiwa ilikuwa nyepesi kwa mtu mwenye mwandiko kama wake. Alitakiwa kunakili daftari la zamani kwenye lile jipya, neno kwa neno, isipokuwa kurasa mbili za mwisho, zile za uzito wa mavuno. Hizo Bwana Kiema, msimamizi wa utafiti wa shamba, alikuwa amemwandikia kwenye karatasi namna zitakavyosomeka. Alasiri wangefika wajumbe watatu wa kamati ya chuo kikuu kukagua utafiti, na Bwana Kiema alitaka wakute daftari safi. Mlango aliufunga, alisema, ili wanawake wa pale wasiingieingie na maswali yao.

Musembi alikuwa mtu wa Kikima, umri wake miaka hamsini na miwili, amefiwa na mke. Shule ya mchana aliiacha darasa la tatu akachunge ng'ombe wa baba yake. Baadaye akafanya kazi ya reli Sultan Hamud, na alipokuwa tayari na mvi ndipo akarudi kwenye dawati, masomo ya jioni, pamoja na vijana waliomwita baba. Walimcheka mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili walikuwa wanaomba kuona hesabu zake.

Chuo kilipoleta utafiti wa mbolea huko Kanyangi, akachukuliwa kuwa karani wa shamba. Shamba lilikuwa na vipande vinane vya mahindi. Vinne vilikuwa na vigingi vyekundu, na hivyo vilitiwa mbolea ya dukani. Vinne vilikuwa na vigingi vyeupe, na hivyo havikutiwa kitu chochote. Vyeupe viliachwa vikonde jinsi udongo ulivyotaka, ili ionekane mbolea imewafanyia nini wenzao.

Bwana Kiema, kijana wa chuo aliyekuwa akitafuta udaktari wa vitabu, alimfundisha sheria mbili. Ya kwanza, andika ulichokiona, siku uliyokiona. Ya pili, usifute kamwe. Ukikosea, piga mstari mmoja tu juu ya kosa, ili liendelee kusomeka, kisha andika lililo sawa, na utie sahihi na tarehe. Musembi aliipenda sheria ile ya pili jinsi watu wengine wanavyopenda saa ya mkononi. Hata barua za nyumbani alizisahihisha hivyo.

Misimu miwili ya kwanza jua lilichoma vyeupe na vyekundu pamoja. Msimu wa tatu, mwaka wa sabini na sita, mvua ya Oktoba ilinyesha vizuri. Lakini Novemba ukaja mtihani wa Kidato cha Pili, siku tatu, Kitui mjini. Musembi hakuomba ruhusa. Bwana Kiema alikuwa Nairobi, na kusema kweli, ingekuwa hivyo hata kama angekuwa pale. Aliona haya kumwambia kijana wa rika la wanawe kwamba anaenda kukaa na watoto kwenye mtihani. Akianguka, asijue mtu. Alienda, akarudi, akajaza zile siku tatu kwa mkupuo mmoja: *Nimekagua. Vipande vyote viko sawa.*

Siku ya pili ya mtihani ilikuwa karatasi ya Sayansi. Swali la sita liliuliza kwa nini katika jaribio sehemu moja huachwa bila kuguswa. Musembi alijibu ukurasa mzima, akachora na vigingi.

Asubuhi hiyohiyo, akiwa anachora, mwethya wa Kalunde ulikuwa shambani. Kalunde ndiye mama mwenye ile ardhi, na mwethya ni wanawake wanaolimiana kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule. Walikuwa wamemtazama karani siku nyingi. Mwanamume peke yake, hana mke wa kumwitia mwethya, na nusu ya shamba lake iko njano pale kando ya njia, kila apitaye anaiona. Wakakubaliana kwamba mbolea ya serikali imemwishia na aibu inamzuia kusema. Wakabeba samadi ya mbuzi kwa viondo mgongoni, wakatia kwenye kila shina la vigingi vyeupe, wakafukia kwa majembe, wakaenda zao. Hawakumwambia. Mtu aliye katika aibu husaidiwa bila kutangaziwa.

Musembi alirudi akakuta mvua imenyesha juu ya kila kitu. Mahindi ya vigingi vyeupe yalipogeuka kijani kibichi, alifurahi kama mjinga, akasema ni mvua. Mwezi wa pili, siku ya kupima mavuno, mizani ikaonyesha vyeupe na vyekundu karibu sawa. Alikuwa akipima mara ya tatu, akidhani mizani imeharibika, Kalunde alipocheka huku akipukuchua.

"Karani, hata chai hutupi?" alisema. "Mbuzi wangu wamefanya kazi ya serikali bila mshahara."

Ndipo alipojua. Alikaa na jambo hilo siku mbili. Kusema samadi ilitiwa ni kuulizwa, wewe ulikuwa wapi? Na kwenye daftari, kwa mwandiko wake mzuri, alikuwepo na amekagua. Siku ya tatu, Bwana Kiema alipofika, akamweleza yote, hata mtihani.

Bwana Kiema hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Musembi hofu. Alizunguka shamba mara mbili, akarudi, akaeleza kwa utulivu kwamba pesa za utafiti zinaisha mwezi wa Juni, kwamba hakuna msimu wa nne, na kwamba kamati inakuja Alhamisi.

"Mzee Musembi, hebu tuelewane," alisema. "Hatuzui kitu. Tunaondoa tu kile mbuzi walichoongeza."

Kisha akataja mambo mawili, bila kuyaunganisha. Barua ya kumwombea Musembi kazi ya kudumu chuoni iko tayari kwenye mkoba, haijatumwa tu. Na zile siku tatu za Novemba, yeye Kiema hajaziona.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Musembi alinakili Oktoba yote bila kunyanyua kalamu. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa sababu Oktoba ilikuwa kweli. Jasho lilimdondoka puani, akaweka kitambaa chini ya kiganja lisiharibu karatasi. Ukutani alikuwa amebandika cheti chake cha mtihani, ndani ya karatasi ya nailoni. Alikuwa amefaulu. Sayansi ndiyo iliyomwinua. Kila alipoinua macho kupumzika, yaliangukia pale, mpaka akageuza gunia akae upande mwingine, na upande huo akawa anatazamana na kufuli kupitia ufa wa mlango.

Karibu saa sita kivuli kikaziba dirisha. Lilikuwa dirisha dogo la nondo, na nyuma ya nondo alikuwa Kalunde.

"Wamekufungia kama mbuzi wa sikukuu," alisema.

Musembi akamwambia ni kazi tu, mwaitu, mama yangu, kazi inataka utulivu. Kalunde hakuondoka. Alisema wanawake wamesikia kwamba shamba limeharibika, na kwamba walioliharibu ni wao. Mmoja wao, Nzilani, hajala tangu jana. Walitaka kujua, je, watashtakiwa?

Musembi alitafuta namna ya kueleza. Angeweza kuieleza kamati, aliweza kuueleza mtihani, lakini mama huyu aliyebeba samadi kwa kamba ya kichwa angemwambiaje kwamba mahindi yale yalitakiwa kuwa na njaa?

"Hamna kosa," alisema mwishowe. "Mimi ndiye sikuwepo."

"Hilo tunalijua. Tungekujaje ukiwepo?" Kalunde alishika nondo. "Basi waambie hivyo hao wageni. Mbona ni neno fupi?"

Akaenda. Musembi akabaki na neno fupi. Akafungua Novemba.

Aliiandika siku ya kwanza ya mtihani kama ilivyokuwa kwenye daftari la zamani: *Nimekagua. Vipande vyote viko sawa.* Kalamu ikasimama. Wino ukaanza kufanya doa dogo mwishoni mwa neno. Alifikiri juu ya chumba alichopanga, juu ya Kikima, juu ya vijana wa masomo ya jioni ambao sasa walimwita mwalimu. Kisha akachukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yale, taratibu, yasomeke. Juu yake akaandika: *Sikuwepo. Nilikuwa Kitui kwenye mtihani.* Siku ya pili akafanya vivyo hivyo, akaongeza: *Siku hii wanawake wa mwethya walitia samadi vipande vyeupe vyote vinne, kwa nia njema.* Siku ya tatu vivyo hivyo. Sahihi, na tarehe ya leo. Akavuta daftari la zamani, akapiga mistari ileile mle pia. Ile karatasi ya Bwana Kiema aliikunja akaitia ndani ya jalada, na uzito wa mavuno akauandika kama mizani ilivyosema.

Landrova ilirudi saa tisa. Sauti za wageni zikaelekea shambani, na hatua za haraka za mtu mmoja zikaja dirishani. Bwana Kiema alinyoosha mkono kati ya nondo, akiomba daftari jipya. Musembi hakumpa. Alilifungua mahali pale, akaliinua lisomeke.

Kijana alisoma. Midomo yake ilikuwa mikavu, na kwa mara ya kwanza Musembi aliona kwamba hata yeye hakuwa amelala siku nyingi.

"Mzee," alinong'ona, "umetumaliza sisi wawili."

Akaondoka bila kugusa mlango. Musembi alisimama kando ya ufa, akasikia wageni wakifika, viatu vyao vikiponda mabua. Sauti ya mama mmoja, ya upole, ikauliza madaftari ya shamba yako wapi. Bwana Kiema akajibu kwamba kwa bahati mbaya karani amepata homa, ameenda kwao Kikima tangu asubuhi, na ufunguo wa stoo ameenda nao.

Basi, ilikuwa rahisi hivyo. Hata kusema uongo hakuhitajika tena. Akinyamaza robo saa tu, wageni wataondoka, na barua labda itatumwa. Stoo ilikuwa moto kama tanuri. Alishika pumzi, na akajisikia akiishika, kama mwizi ndani ya nyumba ya mtu. Kupitia dirisha aliwaona Kalunde na wenzake wamesimama mbali, viondo mikononi, wakitazama mlango wenye kufuli. Walikuwa wanamngoja.

Musembi akavaa koti lake, akafunga kifungo cha juu. Akagonga bati mara mbili, kama mtu anayebisha hodi, ijapokuwa yeye ndiye aliyekuwa ndani.

"Niko hapa," alisema. "Sina homa. Madaftari ninayo mimi, na ufunguo anao Bwana Kiema."

Akarudi mezani, akayapanga madaftari mawili sambamba, la zamani kushoto na jipya kulia, akayafungua kwenye Novemba. Kisha akaketi wima juu ya gunia, akangoja kufunguliwa.