Mshenga wa Ufini

Mugeta wa Bweri alikuwa fundi friji mzuri tu, na angebaki hivyo kama asingeingiza redio ile kwenye laptop. Naiita redio kwa sababu yeye mwenyewe alikataa katakata iitwe kitu kingine. Kusema kweli ilikuwa programu ya mtandaoni inayoigiza redio za mawasiliano, zile ambazo watu wa nchi mbalimbali hutafutana hewani kwa kujifurahisha. Haitaki mtambo wala antena. Unajisajili, unataja mji ulipo, unapewa jina la hewani la herufi na namba, kisha unazungusha kitufe cha kuchorwa na kuita yeyote anayesikia. Ina anga lake la kuigiza na makelele yake ya kuigiza, shhhh kutwa nzima, ili mtu apate raha ya kutosikia vizuri.

Kitufe cha kuyazima makelele kilikuwepo, na Gaudensia, mkewe, alimwonyesha kwa kidole. Mugeta akasema kukibonyeza ni kudanganya. Hapohapo akaenda kusimika bomba la chuma juu ya paa, maana mtu wa redio asiye na antena alijiona yuko uchi. Bomba lile halikuunganishwa na kitu chochote.

Upepo wa ziwani ulipoliangusha likatoboa paa la jiko na kutua ndani ya sufuria la sato, Gaudensia alikimbilia sebuleni kumweleza. Mugeta aliinua kiganja, maana yake subiri, kwa kuwa alikuwa anasalimiana na mtu wa Ufini. Gaudensia alikitazama kile kiganja, akaenda kukunja nguo zake, akaondoka kwenda kwa mama yake Butiama.

Alizima na simu. Ujumbe ulikuja kupitia kwa kaka yake, Mwalimu Werema, wa hukohuko Butiama: shemeji akimtaka mkewe, aongee na mama kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe ndio ulikuwa mtihani. Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemeshani, maneno yao hubebwa na mshenga, na mshenga wa ndoa ile, mzee Thadeo, alishafariki bila mtu kukumbuka kuweka mwingine. Mugeta akabaki anakula ugali wa jana na kuzisemesha friji za watu. Alimpenda mkewe, asikudanganye mtu, ila alishazoea kwamba yupo tu, na sasa aliogopa kweli kweli kwamba hatarudi.

Wazo lilimjia kwamba Werema naye alikuwa na programu ile, kwa kuwa Mugeta ndiye aliyemsumbua mpaka akaiweka. Mama Eufrasia, mama mkwe, alikuwa ameshaikataa simu. Simu inaingia sikioni moja kwa moja, alisema, hiyo ni kunong'onezana na mkwe. Lakini redio inasemeshwa dunia nzima, na hata padri anasikika redioni bila mtu kusema ameingia chumbani kwake. Akaikubali.

Walipojaribu, kila upande ulisikia makelele tu. Anga lile la uongo lilikuwa na sheria zake, na wanaoanza walipewa masafa ya aina moja, yanayopanda juu na kutua mbali. Yaliruka Butiama, yakaruka Bunda, yakaruka Mara yote, yakashukia Ulaya. Aliyewasikia wote wawili vizuri alikuwa Olavi, dereva wa treni mstaafu, yuleyule wa Ufini. Akauliza kwa Kiingereza, kwa adabu, kama angeweza kuwabebea maneno.

Werema alimweleza kazi ya mshenga, na Mfini akaichukua kwa uzito ambao wengi wetu hatuna. Alisema amevaa koti kwa heshima ya kazi hiyo. Kabla ya kubeba neno lolote alimtaka Mugeta aeleze kosa lake mwenyewe, na Mugeta alipotaja upepo, Olavi alimjibu kwamba upepo haujaoa. Mama Eufrasia alitafsiriwa hilo, akampenda mshenga. Akaagiza mkwe aje nyumbani, na mshenga wake aje naye.

Basi Mugeta alifika Butiama na laptop kwapani. Walimkalisha kwenye kigoda nje ya sebule, chini ya dirisha, ameipa nyumba mgongo. Ndani alikaa Mama Eufrasia, na Gaudensia, na Werema na laptop yake. Mama alisema neno, na Mugeta akalisikia lote kupitia dirishani, lakini kwa heshima akatulia. Werema akaligeuza Kiingereza, likaenda Ufini, Olavi akakohoa, akalirudisha nje ya dirisha lilelile. Mugeta alipojibu, Mama naye aliangalia dari mpaka jibu lifike. Kuna mahali Mugeta alisema ameshaziba paa, Olavi akasahau kulifikisha neno hilo. Mama, ambaye kwa utaratibu hakuwa amesikia, akaagiza Ufini iulizwe kama hakuna habari zozote za paa.

Gaudensia alivumilia, kisha akasogea dirishani. Yeye hakuwa na mwiko na mtu.

"Baba Jenipher," alisema, "unanisikia?"

Mugeta alimsikia. Na mkono wake, wenyewe, ukainuka na kiganja wazi, maana yake subiri, kwa kuwa Olavi alikuwa bado hajafika.

Gaudensia alirudi kwa Werema, akamnong'oneza sikioni, na Werema akapeleka. Mugeta alisubiri, mkono bado uko juu, na kwa mara ya kwanza yale makelele yalimchukiza. Mwishowe Olavi akafika.

"Nimepewa maneno," alisema, "lakini haya siyabebi. Mkeo yuko nyuma yako. Geuka."

Kugeuka ni kumwona mama mkwe. Mugeta alishusha mkono, akabonyeza kile kitufe ambacho hakuwahi kukibonyeza, na shhhh ikakatika. Kisha akafumba macho kama mtoto anayemwagiwa maji, akainuka, akageuka, akagongana uso na nondo za dirisha.

"Nakusikia, mama Jenipher," alisema. "Nilikuwaga nakusikia. Nilikuwaga sijibu."

Gaudensia aliwatazama, mume aliyefumba macho na mama aliyejifunika kitenge kichwa kizima, akaenda kuchukua begi lake. Ila Mama Eufrasia alikataa laptop ya mkwe iondoke. Mshenga hajaagwa, alisema kutoka ndani ya kitenge, na hajaulizwa paja lake la mbuzi, ujira wa mshenga, atalipokeaje.

Waliiacha. Njiani Gaudensia aliongea tangu Butiama mpaka Bweri, yote aliyokuwa ameyaweka, na mikono ya Mugeta ilitulia magotini.