Simba Dume Mwenye Mimba

Dada alipobakiza mwezi mmoja kujifungua, alitaka sherehe ya kumkaribisha mtoto, na kadi za mwaliko alitaka nizichore mimi. "Za dukani zinafanana kama matofali," alisema. "Wewe mkono wako unajua."

Ukweli ni kwamba kadi zote zile zilikuwa za mtu mmoja. Mama mkwe wake, tunayemwita Bi Mkubwa, hakuwa amekanyaga kwetu tangu siku aliyosema chai ya dada ina ladha ya sufuria, na dada akamjibu kuwa maji yapo mtungini. Tangu hapo salamu zilipitia kwa shemeji, zikifika zimepoa. Dada hakutaka mtoto azaliwe katikati ya ugomvi wa chai.

Nilikaa sebuleni na mkasi, gundi na maboksi ya viatu. Kila mnyama nilimchora ameketi, ana tumbo kubwa, na tumbo nikalikata upande mmoja lifunguke kama kidirisha. Ukifungua, ndani kuna kitoto kinachungulia, na chini yake siku na saa ya sherehe. Tembo, twiga, sungura, wote na matumbo yao.

"Bi Mkubwa mpe simba," dada aliamuru kutoka kwenye mkeka. "Ndiyo heshima yake."

Nikachora simba. Dada akamtazama, akakunja uso. "Huyu mbona kama paka wa jikoni? Mtie manywele. Simba bila manywele ni simba gani?"

Nikamtia manywele ya uzi wa kahawia, nikabandika mmoja mmoja mpaka kidevuni. Alipendeza kweli. Shemeji akaitia kadi mfukoni mwa shati, akaipeleka.

Jioni shemeji alikuwa kwenye kiti chake, kashiba, kasinzia, mikono juu ya tumbo. Mimba ilikuwa ya dada, lakini hamu ya kula ikawa ya shemeji. Nilimtazama. Ndevu, tumbo, mkao, hata macho yaliyofumba nusu. Mimi huchora kilicho mbele yangu, na wiki nzima aliyekuwa mbele yangu ni yeye.

"Dada," nikasema polepole, "simba mwenye manywele ni dume."

"Najua. Kwani kuna nini?"

"Na tumbo tumempa."

Dada akamgeukia mumewe. Akamwangalia kuanzia kidevuni kushuka chini, kisha akajifunika uso kwa mto. "Tumemtumia mama wa watu picha ya mwanawe ana mimba," akasema humo humo ndani ya mto. "Maji yameshamwagika. Sasa haji hata kwa kubebwa."

Siku ya sherehe dada aliutazama mlango kuliko alivyowatazama wageni. Bi Mkubwa alifika wa mwisho, mkoba kwapani, uso kaufunga. Hakusalimu. Alitoa kadi.

"Nani kachora hii?"

Miguu ilitaka kutoka, mimi nikabaki. "Ni mimi, mama."

Akalifungua tumbo la simba, akachungulia, akalifunga. Akamtazama shemeji aliyekuwa na sahani ya pili.

"Hongera, mwanangu. Una miezi mingapi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bi Mkubwa ndiye aliyecheka zaidi, mpaka akatafuta pa kukaa, na pa kukaa palikuwa kando ya dada tu. "Nilitoka nyumbani nije kugomba," akamwambia. "Njiani nikaifungua tena. Nikacheka peke yangu mpaka watu wakanipisha."

Dada akampa chai. Bi Mkubwa akanywa funda moja.

"Bado ina ladha ya sufuria."

Dada akamsogezea sukari. "Ni ile sufuria uliyotuletea siku ya harusi, mama."

Bi Mkubwa akakitazama kikombe. Akanywa tena, taratibu, kama mtu anayemtambua jamaa wa siku nyingi.

"Basi niongezee," akasema.

Shemeji, kwa aibu, alikuwa ameisukuma sahani yake chini ya kiti. Tulipoanza kuosha vyombo nikaenda kuichukua. Ilikuwa tupu.