Mteremko wa Mpaka wa Mzee Danieli

Jumanne moja ya mwaka 1997, saa nne asubuhi, Mwalimu Bibiana alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa Kidato cha Nne wa shule ya Rudewa kutafuta mteremko wa mstari unaogusa duara mahali pamoja tu. Duara hakulitoa kitabuni. Kampuni iliyouziwa shamba la mkonge la serikali ilipewa ardhi yote iliyo ndani ya kilomita tano kutoka bomba la moshi la kiwanda cha zamani, na wapimaji wake walikwisha kupigilia vigingi katikati ya mahindi ya Danieli, baba yake mwalimu.

"Kutoka kwenye bomba mpaka jiwe la mpakani kwa baba ni kilomita tatu mashariki, nne kaskazini," alisema. "Umbali wa moja kwa moja?"

"Tano!"

"Mteremko wake?"

"Nne juu ya tatu."

"Mstari unaogusa duara hapo unakutana na huo kwa pembe mraba. Kwa hiyo?"

"Hasi tatu juu ya nne."

"Ukienda hatua nne mashariki, unashuka tatu kusini. Ndivyo mpaka wa baba ulivyo tangu babu afyeke pori. Unaligusa duara kwenye nukta moja, na shamba lote liko nje yake. Kwenye nukta halioti hata bua la mahindi!"

Akaukandamiza mstari ubaoni kwa hasira mpaka chaki ikavunjika. Mstari haukuishia ukingoni mwa ubao. Ulipita juu ya madawati, wanafunzi wakainamisha vichwa, ukatokea dirishani. Alasiri watu waliukuta umelala kwenye mpaka wa Danieli, mweupe, umekaza kama waya. Mvua ilinyesha siku mbili, haukufutika. Majirani wakaanika kanga juu yake.

Ijumaa Makarius, mpimaji wa kampuni, alifika na trekta. Akaupima mstari mara mbili.

"Hesabu yako ni sahihi, mwalimu," alimwambia Bibiana.

"Basi ng'oa vigingi."

"Hati imeshasainiwa."

"Imesainiwa na nani? Nani aliyekuja kutuuliza?"

Makarius aliziondoa kanga, akazikunja vizuri, akamkabidhi mwalimu. Kisha akaunyanyua mstari kwa mikono miwili ili trekta lipite chini yake.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Danieli aliyesimama ndani ya mahindi.

Danieli, ambaye aliitikia hata salamu za walevi, alimtazama usoni, asiitikie. Trekta likaingia.